Si kila cherehani ni duka

Dada yangu mkubwa anaishi Morogoro, na kwa miaka mingi ameshona mifarishi ya viraka: matandiko mazito ya tabaka tatu, juu vipande vya vitenge, katikati blanketi lililochakaa, chini shuka kuukuu. Vipande huvipata kwa fundi wa barazani jirani yake, yale masalio yanayodondoka mkasi ukishapita. Ni nadra kumpata mtoto wa ukoo wetu ambaye hajalala chini ya kazi ya mikono yake. Sasa amegeukia nguo. Anataka kutuvika: magauni ya wajukuu, kanzu ya mumewe, mikoba ya mawifi, mbeleko ya mjukuu anayetarajiwa.

Habari zilipoenea, swali likawa moja kila upande. "Wifi, gauni kama hili utaliuza bei gani?" "Shangazi, piga picha uweke mtandaoni, wateja watakuja wenyewe." Mpwa wetu mmoja, mwenye bidii ya mjini, alimletea fomu ya kuunda kikundi ili waombe ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Dada alimkaribisha chai, akaipokea fomu kwa heshima zote, na mpwa alipoondoka akaigeuza karatasi ya kukatia kola. Hauzi. Anawashonea watu wake, basi.

Nimeona nimtetee. Tumehubiriwa kwa muda mrefu kwamba kila kipaji ni fursa, mpaka mtu akipika chapati nzuri tunamuuliza kwa nini hana mgahawa. Ujuzi usio na bei, usio na nembo wala kadi ya biashara, tunauona kama mtaji uliolala. Mimi nasema yako mambo yanayopungua yakipelekwa sokoni, na kushonea familia ni jambo mojawapo.

Kwanza tuelewe anajifunza nini, maana wengi hudhani aliyeshona mifarishi amekwisha kuhitimu shule ya cherehani. Amemaliza darasa moja tu, ingawa ni darasa zuri. Mshona viraka anajua kuendesha mshono ulionyooka, robo inchi kutoka ukingoni, kutwa nzima bila kuyumba. Anajua kukutanisha pembe nne mahali pamoja. Anajua kwamba pasi ni nusu ya ushonaji, na kwamba mshono usiopigwa pasi kabla ya kuvukwa na mwingine utaleta uvimbe usiotoka tena. Ana pia jicho la rangi ambalo mafundi wengi wa nguo hawana. Ataweka kitenge cha manjano kando ya cha zambarau mahali ambapo wewe na mimi tungeogopa.

Lakini mfarishi ni kitu bapa. Hauketi, hauchuchumai, hauinui mkono kusimamisha daladala. Fundi wa barazani alimweleza hilo kwa ufupi siku alipompelekea kuangaliwa gauni lake la kwanza. "Mama," alimwambia, "shuka halina kwapa."

Na kwapa ndilo mtihani. Tundu la mkono kwenye badani limechongwa kwa mviringo unaoingia ndani. Kichwa cha mkono wenyewe kimechongwa kwa mviringo unaotoka nje. Mistari hiyo miwili haifanani umbo, na mara nyingi hata urefu haulingani. Kwenye nguo ya kubana, mkono unaweza kuzidi tundu lake kwa inchi moja hivi, na ziada hiyo lazima imezwe kidogo kidogo na mshono bila kuacha kunjo, ili mvaaji apate nafasi ya kusogeza bega. Mshona viraka amezoea kingo mbili zinazolingana toka mwanzo hadi mwisho. Hapa anaunganisha visivyofanana, na vikishaungana anadai viwe na bega, kifua na mgongo.

Kisha kuna mwelekeo wa uzi. Kitambaa chochote kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda urefu wake, na za mshindio zinazokata upana. Katika mfarishi kipande kinaweza kukaa upande wowote, kwani vipande vya jirani vinakishikilia, na mishono ya juu inakifunga kwenye tabaka za chini. Sketi haina jirani wa kuishika. Ikikatwa ovyo nje ya mstari wa mtande itajizungusha mwilini, na baada ya kufuliwa mara chache mshono wa ubavuni utajikuta mbele ya goti. Ikikatwa mshazari kwa makusudi, hudondoka vizuri na kucheza mtu anapotembea, ila lazima itundikwe usiku kucha kabla ya kushonwa pindo, kwa sababu kitambaa kitarefuka upande mmoja kuliko mwingine. Kitenge nacho kina vituko vyake. Hutoka kiwandani kimekakamazwa kwa wanga, hivyo ni lazima kiloweshwe na kukaushwa kabla ya mkasi kukigusa. Asiyefanya hivyo atashona gauni linaloenea Jumamosi na kubana Jumatatu. Halafu ndege waliochorwa juu yake wana vichwa na miguu. Mfarishi huwasamehe wakikaa kichwa chini, kifua cha gauni hakiwasamehe.

Hata ile robo inchi anayojivunia ilibidi aiache. Nguo inataka akiba. Ruwaza za karatasi zilizopangwa kwa saizi, ambazo Mmarekani Ebenezer Butterick alianza kuziuza mwaka 1863, zimewazoesha washonaji wa huko kuacha nusu inchi na ushei. Fundi wetu mzuri huacha inchi nzima ubavuni, kwa sababu anamjua mteja wake: atanenepa, atajifungua, atakonda, kisha atarudi na gauni lile lile akidai liongezwe. Kwa anayeshonea familia, akiba hiyo ni muhimu zaidi, maana yeye ndiye ataliona gauni hilo likirudi mpaka lichakae.

Busara ya dada ilikuwa kuhamia kwenye kanzu baada ya lile gauni. Kanzu ya mkato wa zamani ni zawadi kwa mtu aliyetoka kwenye viraka. Imejengwa kwa vipande vilivyonyooka: badani mbele na nyuma, taharizi za ubavuni zinazoongeza upana kuelekea chini, mikono isiyochongwa, na kikwapa, kile kipande kidogo cha chini ya mkono kinachomwezesha mwanamume kuinua mikono yake katika takbira bila kuchana mshono. Mviringo uko shingoni tu, chini ya kaba. Kikwapa hasa kilimfurahisha. Tatizo lile lile ambalo gauni la kubana hulitatua kwa kichwa cha mkono kilichochongwa kwa jasho, kanzu hulitatua kwa kuongeza kiraka. Masalio ya mkato huo ni haba mno. Ni mkato wa zama ambazo kitambaa kilithaminiwa kuliko saa za mshonaji.

Kutoka kanzu akaenda kofia. Sisemi kofia ya viua, ile inayodariziwa kwa mkono tundu baada ya tundu na wanawake wa Unguja na Pemba. Hiyo ni sanaa inayojitegemea na dada hakuigusa. Nasema ile ya kushona kwa cherehani, yenye sehemu mbili: duara la juu na ukanda wa kuzunguka. Kichwa cha mtu mzima chenye mzunguko wa inchi 22 kinataka duara lenye kipenyo cha inchi 7, ukiacha posho ya mshono. Wale tuliokariri 22 kwa 7 darasani bila kuambiwa kazi yake, hiyo hapo kazi yake, na ingetufaa kuambiwa mapema. Mikoba haikumsumbua hata kidogo. Mkoba ni mfarishi mdogo wenye bitana na mikanda, na humo viraka vyake vilirudi kwa fahari.

Nikirudi kwenye hoja yangu ya soko, ipo sehemu moja duniani ambako imejaribiwa hadharani, mbali kabisa na Afrika Mashariki. Gee's Bend ni kijiji cha Wamarekani weusi kilichozungukwa na kona ya Mto Alabama. Wengi wa wakazi wake ni uzao wa watu waliolima pamba hapo hapo wakiwa watumwa. Wanawake wa kijiji hicho walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochoka, suruali za jinzi zilizopauka magotini na mashati yaliyoliwa na jua. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alizikusanya nguo za kazi za marehemu akazishona mfarishi wa kujifunika. Hakuwa na mteja akilini.

Mwaka 1966, katika joto la harakati za haki ya kupiga kura, ulianzishwa katika eneo hilo ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee ili kazi hizo ziuzwe mijini. Uliingiza fedha mahali palipokuwa na ufukara mkubwa, wakati ambapo kujiandikisha kupiga kura kungeweza kumfukuzisha mtu kwenye nyumba na shamba. Mtu aliyeshiba hana haki ya kuudharau. Hata hivyo maduka makubwa ya mijini yalitaka bidhaa zinazofanana: kipimo kimoja, mchoro mmoja, mshono usiotofautiana. Miaka ya 1970 wanawake wale wale walikuwa wakishona foronya za kodrai kwa oda ya kampuni ya Sears, moja baada ya nyingine, zote sawa.

Kisha mwaka 2002 jumba la makumbusho ya sanaa la Houston lilifungua maonyesho ya mifarishi ya Gee's Bend, yakahamia makumbusho ya Whitney mjini New York, na wahakiki wakapigwa na butwaa. Kilichowashangaza ni ile iliyoshonwa kwa ajili ya vitanda vya nyumbani, yenye mistari inayopinda pale mshonaji alipotaka ipinde na rangi ambazo hakuna mnunuzi angeziagiza. Mwaka 2006 Shirika la Posta la Marekani likaichapisha kwenye stempu. Na ile kodrai ya Sears? Masalio yake wanawake waliyabeba nyumbani wakashonea familia zao, na baadhi ya mifarishi hiyo nayo ikaishia kwenye kuta za makumbusho. Foronya sijasikia zikitundikwa popote.

Karibu zaidi na bahari yetu wapo Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika ambao wengi wa wahenga wao walivushwa Bahari ya Hindi katika biashara ya utumwa kupitia Goa ya Wareno. Wanawake wao hushona kwa mkono matandiko ya nguo kuukuu yaitwayo kawandi, wakianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati. Kwenye pembe hutia phula, maua ya vipande vilivyokunjwa, na husema kawandi isiyo na phula iko uchi. Hushonewa watoto na wajukuu. Nao waliwahi kuanzisha ushirika wa kuuza, na sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba ua la pembeni halikubuniwa na soko.

Sasa nisimdanganye msomaji kwamba kushona nyumbani ni nafuu. Mara nyingi shati la mtumba katika masoko ya Karume, Gikomba au Owino hugharimu chini ya kitambaa chake, achilia mbali uzi, vifungo na siku nzima ya mtu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kufufua viwanda. Marekani ikanguruma, nchi moja moja zikarudi nyuma, na Rwanda iliyosimama na ushuru wake ikasimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Ikiwa serikali zimeshindwa kushindana na robota la mtumba, sijui kwa nini tunamtuma mama mmoja wa Morogoro akashindane nalo kwa cherehani ya kukanyaga.

Nje ya uwanja huo wa bei, mtumba hauna la kumwambia. Ulikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine, katika nchi nyingine. Dada anakata kwa ajili ya miili anayoijua. Anajua, na sasa ameelewa kwa nini, kwamba kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja kina mzunguko wa sentimita 46 hivi, karibu sawa na kifua chake. Shingo ya gauni ikikaa vizuri mabegani haitapita kichwani, hivyo nyuma panahitaji mpasuo na kifungo. Watu wazima tumesahau kwamba tuliwahi kuwa na maumbile hayo. Sketi za buluu za shule anazishonea pindo la inchi tatu ndani, na kila Januari hufumua mstari mmoja wa uzi, akapiga pasi, mtoto akaenda darasa jingine na sketi ile ile. Fundi wa sare anayeuza kwa jumla hawezi kuacha pindo hilo, kwani kitambaa cha pindo ndicho faida yake.

Mfano mzuri kuliko yote ni mama yetu. Umri umemfikisha mahali ambapo mkono wa kushoto haupandi tena juu ya kifua, na kwa muda mrefu kumvisha kulikuwa shida ya watu wawili na aibu ya mtu mmoja. Magauni anayovaa sasa yamefunguka mbele hadi kiunoni, yana vifungo vikubwa vinavyoshikika na vidole vilivyokakamaa, tundu la mkono wa kushoto ni pana kuliko la kulia, na mfuko uko pale tu mkono wa kulia unapofika bila kujipinda, wenye upana wa miwani na pakiti ya dawa. Anavaa mwenyewe. Ukiliweka gauni hilo dukani litakaa hapo hadi lipauke, maana lina mabega mawili tofauti na linamwenea mtu mmoja tu duniani.

Nimesikia pingamizi kutoka kwa wasomi wa familia yetu, tena lenye uzito: je, kusifu kazi ya bure ya mwanamke si kumrudisha palepale tulipomtoa? Wanawake wamelimia, wamepikia na wamefulia wengine maisha yao yote bila ujira, na huyu kaka mtu anaandika gazetini kuwa ni jambo zuri. Nakubali hatari hiyo. Tazama barazani: mafundi cherehani wengi tunaowaona mitaani ni wanaume, na hakuna anayesema wanapitisha muda. Akishona mwanamume ni fundi, akishona mwanamke nyumbani ni mama wa nyumbani mwenye mikono mizuri. Hapo pana dhuluma.

Lakini dawa yake haiwi kumlazimisha dada afungue duka. Yeye alichagua, na anayechagua anastahili kuheshimiwa uchaguzi wake pamoja na gharama zake. Familia inayovishwa ina wajibu. Kitambaa nunueni nyinyi, kiloweshwe kabisa kabla hamjakileta. Siku ya kupimwa njooni, msipige simu kusema "nikatie tu kama yule pacha wangu." Mkae na wajukuu akiwa anatia zipu, kwani zipu na mtoto wa miaka mitatu havikai chumba kimoja. Na wavulana waketishwe kwenye cherehani mapema kama wasichana. Mwanamume mzima asiyeweza kurudisha kifungo cha shati lake ni mzigo kwa umma.

Wapo pia wanaonung'unika kwamba washonaji wa nyumbani wanawanyang'anya mafundi mkate. Kwa ninayoyaona Morogoro, mambo yamekwenda kinyume. Tangu dada ashindane na kwapa, hakuna mtu anayemtetea fundi yule wa barazani kama yeye. Suti na magauni ya harusi huwaelekeza watu huko huko, na akimsikia wifi analalamika juu ya bei ya kushonewa gauni lenye bitana, humpa mkono wa nguo na tundu lake akamwambia, "Haya, viunganishe wewe." Malalamiko huisha. Aliyewahi kushona hadai apunguziwe bei ya mshono. Wale wanaomsukuma fundi hadi usiku wa kuamkia Idi au Krismasi, kisha wanamtukana kwa kuchelewa, ni wale ambao hawajawahi kutunga uzi kwenye sindano.

Nina ombi moja kwa wasomaji. Nyumba nyingi za miji yetu zina cherehani ya kukanyaga, Singer au Butterfly, iliyoachwa na bibi au shangazi, na leo imefunikwa kitambaa cha mezani ikibeba televisheni au vyombo. Shusheni televisheni. Mkanda wa ngozi ukiwa umekatika, unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kushonea, na fundi yeyote wa mtaani atawaonyesha namna ya kuufunga. Toeni vumbi na nyuzi chini ya meno ya kusukuma kitambaa, tieni mafuta ya cherehani, kamwe si ya kupikia, kwa sababu ya kupikia hugandamana na kuziba. Wekeni sindano mpya. Zungusheni gurudumu kwa mkono taratibu mpaka lilainike, kisha kaeni na mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, mshone foronya.